Ubani, Manemane na Dhahabu ya Uongo: Mkesha wa Krismasi Nizwa



Kila tarehe 24 Desemba jioni huwa nafukiza ubani nyumbani kwangu hapa Nizwa. Majirani hawashangai, maana huku ikifika magharibi nyumba nyingi zinafukiza. Wachache tu ndio wanaojua kwamba kwangu moshi ule una kazi mbili. Ni mkesha wa Krismasi, na pia ndiyo siku ninayomkumbuka mama yangu mzazi, aliyefariki Desemba 2017 kwetu Muheza. Kesho yake, tarehe 25, huku ni siku ya kazi kama nyingine. Anayetaka ibada aombe ruhusa, aendeshe gari kama kilomita 160 hadi Maskati, kwenye makanisa ya Ruwi au Ghala. Mara nyingi ratiba ya kufundisha hainiruhusu, kwa hiyo nabaki na mkesha wangu na chetezo changu.

Leo nataka kuzungumzia mambo mawili ambayo mtu anaweza kudhani hayahusiani: namna tunavyowakumbuka wapendwa wetu marehemu wakati wa sikukuu, na namna tunavyozitumia dawa za miti shamba walizotuachia. Mimi nimekuja kuamini kwamba ni jambo moja. Kwa kuwa historia ndiyo niliyosomea, mniwie radhi nikipitia huko kwanza.

Tuanze na neno lenyewe. Ubani ni luban ya Kiarabu. Waarabu wanamaanisha utomvu wa mti, basi. Sisi tumeliongezea maana. Kwetu kuna "kutoa ubani", yaani mchango wa pesa wanaopewa wafiwa. Hata Mkristo wa Dar es Salaam ambaye hajawahi kuushika utomvu huo maishani mwake anaufikisha ubani wake msibani ndani ya bahasha. Kwa hiyo katika Kiswahili neno moja limebeba kiungo, dawa na kumbukumbu ya marehemu. Lugha ilishaviunganisha kabla yangu.

Halafu kuna Krismasi. Injili ya Mathayo inasema Mamajusi walimletea mtoto zawadi tatu: dhahabu, uvumba na manemane. Uvumba ndio huo huo ubani. Tulipokuwa watoto Muheza tuliigiza mchezo ule kanisani kila mwaka, uvumba wetu ukiwa ni gamba la mti lililofungwa kwenye karatasi. Hakuna aliyetuambia kwamba ubani ule wa kweli unatoka nchi ambayo Wamanga wa maduka ya Tanga walikuwa wakiiita kwao.

Mti wenyewe, Boswellia sacra, unaota kusini mwa Oman, Dhofar. Gome linakwanguliwa, utomvu mweupe unatoka taratibu kama machozi, unaachwa ukauke kisha unakusanywa. Mwaka 2000 UNESCO iliingiza maeneo manne ya Dhofar katika orodha ya urithi wa dunia kwa ajili ya historia ya biashara hiyo. Kitabu cha mabaharia cha karne ya kwanza, Periplus, kinataja bandari za ubani za kusini mwa Uarabuni, na kitabu hicho hicho kinataja Rhapta, bandari ya pwani yetu. Kwa hiyo wakati Injili zinaandikwa, walikuwapo mabaharia waliozijua pwani zote mbili, ya ubani na ya kwetu.

Karne nyingi baadaye mtu mmoja alizipitia na akaandika. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, kisha akavuka bahari hadi Dhofar, akaufuata ufuo hadi Sur, akatembea kwa miguu kwenda Qalhat, na akaingia bara mpaka Nizwa hii ninayoandikia. Qalhat leo ni magofu, na mwaka 2018 nayo imeingia urithi wa dunia. Kilichobaki kimesimama kule ni kaburi la Bibi Maryam, bibi mkubwa wa mji ule, ambaye Ibn Battuta anamtaja kwa msikiti alioujenga. Nimewahi kusimama pale mwezi wa Desemba, upepo wa kaskazi ukivuma, nikawaza: upepo huu ndio uliokuwa ukiyaondoa majahazi ya Sur kwenda kwetu. Yalishuka na kaskazi yakiwa na tende, yakarudi na kusi yakiwa na boriti za mikoko. Bibi yangu mzaa mama alikuwa akisema zamani msimu wa Krismasi ndio ulikuwa msimu wa majahazi.

Lakini nisiipambe historia. Majahazi hayakubeba tende na boriti peke yake. Mwaka 1896 vijana 18 wa Kiafrika waliookolewa katika jahazi la watumwa walikabidhiwa kwa Peter Zwemer, Mmarekani wa misheni iliyokuwa Maskati, akawafungulia shule. Zwemer alifariki mwaka 1898. Mwaka 1905 mahakama ya usuluhishi ya The Hague ilitoa uamuzi kuhusu majahazi ya Oman yaliyopeperusha bendera ya Ufaransa, mengi yakiwa ya Sur, kwa sababu bendera ile iliyakinga yasipekuliwe na manowari za Kiingereza zilizokuwa zikisaka watumwa. Ninapowakumbuka marehemu wangu mkesha wa Krismasi, vijana wale 18 nao nawaweka. Huenda ndio waliokuwa Wakristo wa kwanza wa kwetu kuiona Krismasi katika nchi hii, na hakuna aliyewauliza kama wangependa kuja.

Sasa twende Ibra, kwa sababu huko ndiko jambo hili liliponigusa mimi mwenyewe.

Ibra ni mji wa Sharqiyah uliotoa watu wengi sana kwenda Unguja, Pemba na Mrima: akina Harthi, akina Barwani na wengineo. Nyumba kubwa za mitaa ya zamani, kule Minisfah na Qanatir, zilijengwa wakati biashara ya Afrika Mashariki imeshamiri. Baada ya mapinduzi ya Januari 1964, na hasa baada ya Sultan Qaboos kushika nchi mwezi Julai 1970, wengi walirudi, au tuseme walikuja, maana walikuwamo waliokuwa hawajawahi kuiona Oman kwa macho. Walikuja na Kiswahili chao. Ibra kuna soko la wanawake kila Jumatano: wauzaji wanawake, wanunuzi wanawake, wanaume tunakaa nje kwenye magari. Wanauza vitambaa, manukato, wanja, na dawa.

Mwaka 2012 mama alikuja kunitembelea. Alikuwa na kisukari cha miaka mingi na alikuwa akimeza vidonge vya glibenklamidi. Nikampeleka Ibra Jumatano moja, akaingia sokoni, mimi nikabaki kwenye gari nasahihisha mitihani. Alitoka saa mbili baadaye anacheka kama msichana. Kumbe alikutana na mama mmoja aliyezaliwa Unguja, wakaitana "shoga" palepale. Alirudi na vifurushi vitano: uwatu, sanamaki, habasoda, manemane, na mchanganyiko mmoja mchungu ambao yule shoga alimwambia "huu wa sukari, dada yangu, utaniombea dua".

Siku ya nne, saa kumi alfajiri, nilimkuta mama sakafuni, amelowa jasho, hanitambui. Hospitali wakapima sukari, imeshuka vibaya. Mungu alisaidia, alipona. Daktari alipomhoji ndipo tukajua kwamba alikuwa akinywa uwatu vikombe vitatu kwa siku pamoja na ule mchanganyiko mchungu, anakula kidogo kwa sababu sanamaki ilimvuruga tumbo, na vidonge vyake anameza kama kawaida. Uwatu unashusha sukari. Vidonge vile vinashusha sukari. Chakula hakuna. Ndivyo ilivyokuwa.

Nikamuuliza, "Mama, mbona hukuniambia?" Akasema, "Baba, ningekwambia ungenizuia." Nikamuuliza, na daktari wa kwetu nyumbani anajua kwamba unatumia dawa hizi? Akanijibu jambo ambalo sijalisahau mpaka leo: "Hajaniuliza. Na mimi naogopa kufokewa."

Jamani, hapo ndipo penye mada yangu. Yule mama wa Ibra hakuwa tapeli. Uwatu wake ulikuwa uwatu. Daktari wa nyumbani hakuwa mbaya. Mama yangu hakuwa mjinga. Kilichokosekana ni mtu mmoja wa kuona picha nzima, na huyo zamani alikuwapo. Mganga wa kijijini au bibi mkunga alimjua mgonjwa, alijua amekula nini, na alijua dawa nyingine alizonazo, kwa kuwa zote zilitoka mkononi mwake. Sisi tumeirithi dawa, kile kipimo chake tumekiacha njiani.

Na msidhani wazee wa huku hawakuwa na elimu ya kipimo. Ng'ambo ya Jabal Akhdar, mji wa Rustaq ulikuwa na ukoo wa matabibu, na maarufu wao ni Rashid bin Umayra wa karne ya 16, aliyeandika vitabu vya tiba, kikiwamo Fakihat Ibn al-Sabil. Katika elimu ile ya tiba, iliyoanzia kwa Wagiriki ikapitia kwa akina Ibn Sina, dawa ina tabia yake, mgonjwa ana tabia yake, na kiasi ndicho kinachotenganisha dawa na sumu. Anayesema "hii ni ya miti shamba, haina madhara" hasemi maneno ya wazee. Anasema maneno ya tangazo la biashara.

Sasa niwarudishe kwenye zile zawadi tatu, maana Oman zote tatu zimo katika kabati la dawa.

Ubani kwanza. Huku watu wanachagua ule msafi wenye rangi ya kijani kidogo, wanauloweka usiku, asubuhi wanayanywa maji yake kwa ajili ya tumbo na kifua. Chuo Kikuu cha Nizwa kina kitengo cha utafiti wa mimea dawa ya Oman, na utomvu huu ni mmoja wa walioufanyia kazi. Asidi zilizomo zimeonyesha maabara uwezo wa kupunguza uvimbe, lakini ushahidi kwa binadamu bado ni mdogo. Moshi wake ni habari nyingine. Uchunguzi uliofanywa Oman na kuchapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba kwa watoto ambao tayari wana pumu, moshi wa bukhuri ni kichocheo cha kawaida cha kubanwa kifua. Mimi mkesha nafungua madirisha, na mjukuu wa jirani mwenye pumu akija, chetezo kinatoka nje.

Pili, manemane. Kule kwetu na huku inatumika kwa vidonda, kwa fizi, na kwa mwanamke aliyejifungua. Wakunga wa zamani walijua kwamba ni ya baada ya kujifungua. Mjamzito haipewi, kwa kuwa inaweza kuchochea mji wa mimba. Nimeona siku hizi inauzwa katika chupa nzuri bila neno hata moja la onyo hilo.

Tatu, dhahabu. Hii ndiyo inayoniumiza. Kuna unga wa rangi ya manjano unaoitwa bint al-dhahab, binti wa dhahabu. Oman na Emirati ulikuwa ukipewa watoto wachanga, siku za mwanzo kabisa, ili kutoa kile kinyesi cheusi cha kwanza, au kutuliza mchango. Mwaka 1995 watafiti waliokuwa Oman walichapisha uchambuzi wa unga huo: ni oksidi ya risasi. Ndiyo, risasi, madini yale yale. Madaktari wa eneo hili walishaeleza habari za vichanga walioletwa hospitali wakiwa na degedege, ubongo umevimba kwa sumu hiyo. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na mtoto ndiye anayeumia zaidi. Bibi aliyempa mjukuu wake unga ule alimpa kwa mapenzi yale yale ya Mamajusi. Alidhani anatoa dhahabu.

Na sisi wa pwani tusicheke. Wanja wa manga tunaoupaka watoto macho unasema kwa jina lake kwamba umetoka huku. Wataalamu walipoupima wanja unaouzwa Oman waligundua kwamba jina ni moja na vitu ni vingi: mwingine ni masizi tu, na upo unaotengenezwa kwa masizi ya ubani, mwingine ni galena, yaani salfidi ya risasi, kwa sehemu kubwa. Kwa macho huwezi kutofautisha. Bibi zetu waliokuwa wakikinga masizi yao wenyewe juu ya kibatari walijua wanachompaka mtoto. Sisi tunaonunua kibweta dukani hatujui.

Niongeze hina, kwa sababu wengi wenu mna watoto waliochanganya damu za pande zote mbili za bahari. Uchunguzi wa kitaifa wa Oman wa mwaka 1995 ulionyesha kwamba kama robo ya wavulana na asilimia 10 ya wasichana wana upungufu wa kimeng'enya cha G6PD. Upungufu huo upo kwetu pia, kwa sababu ile ile ya malaria ya karne nyingi. Mtoto mchanga mwenye hali hiyo akipakwa hina mwili, damu yake inaweza kuvunjika. Nguo zilizohifadhiwa na vidonge vya naftalini nazo ni hatari kwake. Haya bibi zetu hawakuwa na njia ya kuyajua. Sisi tunayo.

Nisieleweke vibaya. Siandiki ili kuwatukuza madaktari na kuwadharau waganga. Tiba ya kisasa huku ina historia fupi. Daktari Sharon Thoms wa misheni ya Wamarekani alianza kazi Matrah mwaka 1909, akafariki 1913. Baadaye wakaja Paul Harrison na Wells Thoms, mtoto wa yule wa kwanza, aliyehudumu hadi 1970. Mgonjwa wa Nizwa au Ibra aliyewahitaji alisafiri siku kadhaa juu ya ngamia au punda, na wengi hawakusafiri. Walitibiwa kwa majani, kwa asali, kwa dua, na kwa kuchomwa chuma cha moto, na wazee wengi wa huku wana makovu yake hadi leo. Miaka 30 tu baada ya 1970, ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2000 iliiweka Oman nafasi ya 8 duniani kwa utendaji wa mfumo wa afya. Sehemu ya kazi ile ilifanywa na wauguzi na madaktari waliozungumza Kiswahili, waliosomeshwa Unguja, Dar es Salaam, Cairo na kwingineko. Najua baadhi yao ni wazazi wa wanaosoma hapa.

Nilipokuwa nasoma Ujerumani nilimsoma sana Bibi Salme, binti wa Sayyid Said, aliyezaliwa Unguja mwaka 1844, akabatizwa na kuolewa Aden mwaka 1867, akaishi kwa majina ya Emily Ruete. Katika kumbukumbu zake, zilizochapishwa Berlin mwaka 1886, ana sura kuhusu maradhi na matibabu ya nyumbani kwao, na hasifu kila kitu. Aliipenda Unguja mpaka mwisho. Alipofariki Jena mwaka 1924 alizikwa pamoja na mchanga kidogo wa Unguja aliokuwa ameuhifadhi. Mwanamke yule alikumbuka kwa moyo wote na macho yake yakabaki wazi. Hilo ndilo ninalolitafuta.

Kwa hiyo nafanya nini mkesha? Nafukiza ubani. Nataja majina: mama, baba, bibi mzaa mama, dada yangu, na wale 18. Mama alipoondoka Nizwa mwaka ule tulikubaliana jambo moja: kila dawa anayokunywa, ya dukani au ya shoga, aiandike kwenye daftari la shule, na daftari aende nalo kliniki hata kama hajaulizwa. Alifanya hivyo miaka mitano, na sukari haikumwangusha tena. Alikufa kwa moyo, kitandani kwake, amezungukwa na watu. Daftari ninalo. Ukurasa wa mwisho ameandika kwa mkono wake: "Uwatu, kijiko kimoja, kwenye mchuzi. Daktari anajua."

Ndugu zangu, sikukuu hizi wengi mtarudi nyumbani, au mtapiga simu. Mtawauliza wazazi habari za mvua, za shamba, za fulani na fulani. Naomba mwaka huu muongeze swali moja, mliulize kwa upole, bila kufoka: mnakunywa dawa gani, na nani anajua?

Naomba kuwasilisha. Krismasi njema, na Mungu awarehemu wote waliotutangulia.